North Bridge, Concord: mbona mnara wa zamani uko upande wa Waingereza?

Bint Mrima aliuliza:

Wakuu, habari za leo. Naandaa karatasi ya kurasa mbili kwa Kiswahili kwa ajili ya watu kama 30, wazee, vijana na watoto, watakaokwenda Concord, Massachusetts, kipindi cha sikukuu ya Patriots' Day (Siku ya Wazalendo, mwezi Aprili). Wengi wao Kiswahili ndiyo lugha wanayoisoma bila kuhangaika. Historia ya jumla ninayo: vita vya Wamarekani dhidi ya Waingereza vilianzia Lexington na Concord tarehe 19 Aprili 1775. Kinachonikwamisha ni kumbukumbu zenyewe pale darajani North Bridge.

Ukingo mmoja wa mto kuna mnara wa mawe, ukingo wa pili kuna sanamu ya mtu ameshika bunduki. Kwa nini ziwe mbili? Na kwa nini mnara, ambao ndio wa zamani, ukae upande waliosimama Waingereza? Halafu maandishi yake nimeyatafsiri mara tatu na bado hayakai sawa. Jambo la mwisho ni la vijana. Wameona pichani kwamba jiwe la kaburi la askari wa Kiingereza lina madoa, nao wanataka kubeba ndoo, brashi na jiki wakalisafishe kama kazi ya kujitolea. Nimewaambia wasubiri niulize kwanza. Wenye ujuzi naomba msaada, hasa zile sehemu ambazo watu hukosea.

Msoma Vibao alijibu:

Dada, anza na mto. Usipoueleza mto, kumbukumbu zote mbili hazitaeleweka. Mto Concord unapita katikati. Mji wenyewe uko ukingo wa mashariki, na Waingereza walitokea mjini, kwa hiyo upande wao ulikuwa mashariki. Mgambo wa Marekani walikuwa wamekusanyika kwenye kilima cha ukingo wa magharibi, kama watu 400. Waliona moshi unapanda kutoka mjini wakadhani nyumba zao zinachomwa, ndipo wakateremka kuelekea darajani. Waingereza waliokuwa wanalinda daraja hawakufika 100. Walirudi ng'ambo ya mashariki, wakaanza kung'oa mbao za daraja, kisha wakafyatua. Wakaanguka Isaac Davis, kapteni wa kikosi cha mji wa Acton, na Abner Hosmer wa kikosi hichohicho. Hapo Meja John Buttrick akaamuru mgambo wajibu mapigo. Yote hayo yalitokea asubuhi, saa tatu na nusu hivi.

Sasa kumbukumbu. Watu wengi hawajui kwamba mwaka 1793 daraja lilivunjwa, kwa sababu barabara ilihamishiwa kwingine. Kwa hiyo mji ulipotaka kujenga ukumbusho, daraja halikuwepo. Ukingo wa magharibi ulikuwa shamba la mtu lisilo na njia ya kufikia kutoka mjini, na ukingo wa mashariki ulikuwa na kipande cha barabara ya zamani kilichokufa.

Kabla ya hapo mji ulikuwa umeshagombana. Mwaka 1825 chama kilichokuwa kinajenga mnara wa Bunker Hill (ukumbusho wa pigano jingine la 1775, karibu na Boston) kilitoa dola 500 kwa ajili ya ukumbusho wa Concord, na jiwe la msingi likawekwa katikati ya mji. Wenye mawazo mengine wakasema mnara ukae vita vilipopiganwa, si sokoni. Kazi ikasimama miaka mingi. Aliyeikwamua ni mchungaji Ezra Ripley, aliyekuwa akiishi katika nyumba ya Old Manse iliyo jirani kabisa na daraja. Alitoa kipande cha ardhi yake kwa sharti kwamba mnara uwe umesimama ifikapo 4 Julai 1837. Ardhi yake ilikuwa mashariki, basi mnara ukasimama mashariki. Hilo ndilo jibu la swali lako, wala hakukuwa na nia ya kuwaheshimu Waingereza.

Mnara ni wa granaiti, urefu wake futi 25, yaani mita 7 na nusu na kidogo. Aliyeuchora ni Solomon Willard, yuleyule wa Bunker Hill. Angalia mtego wa mwaka: maandishi yanasema 1836, lakini sherehe ya kuuzindua ilifanyika 4 Julai 1837, na siku hiyo ndipo ulipoimbwa wimbo wa mshairi Ralph Waldo Emerson. Ukiandika kwamba ulizinduliwa 1836, mtu atakusahihisha palepale. Ukiandika kwamba umechongwa 1837, atakusahihisha aliyeusoma. Andika yote mawili.

Kuna mzee wa mji, Ebenezer Hubbard, hakuridhika kabisa kwamba jiwe pekee la ukumbusho limesimama mahali walipoangukia maadui, huku mahali walipokuwa wazalendo pakibaki malisho matupu. Alipofariki mwaka 1870 wosia wake uliacha dola 1,000 za kujenga ukumbusho upande wa magharibi, na nyingine 600 za kurudisha daraja ili watu waweze kuvuka kwenda kuuona. Stedman Buttrick, wa ukoo wa yule meja, akatoa ardhi. Hapo ndipo ilipotoka sanamu. Kwa hiyo ukisimama darajani unatazama mabishano ya mji mmoja yaliyochukua miaka 50, yamegeuzwa mawe na shaba. Mimi karatasi yote ningeijenga juu ya hilo.

Sanamu inaitwa Minute Man. Mchongaji ni Daniel Chester French, kijana wa Concord aliyezaliwa 1850. Hii ilikuwa sanamu yake kubwa ya kwanza, na baadaye ndiye aliyetengeneza Lincoln aliyeketi kule Washington. Ilimiminwa katika kiwanda cha Ames mjini Chicopee, Massachusetts, kwa shaba ya mizinga 10 ya zamani iliyotolewa na Bunge la Marekani. Mtu mwenyewe ana urefu wa futi 7. Waoneshe watoto mikono yake: mkono wa kulia umeshika bunduki, wa kushoto bado uko kwenye mpini wa plau, na koti lake amelitupia juu ya plau. Ameinuka kutoka shambani saa hiyohiyo. Ilizinduliwa 19 Aprili 1875, Rais Ulysses S. Grant akiwepo, kwenye baridi kali. French mwenyewe hakuwepo, alikuwa Italia akisoma.

Na daraja msiliite la 1775. Lililojengwa kwa ajili ya sherehe ya 1875 lilichukuliwa na mafuriko mwaka 1888. Likaja lingine, halafu la zege mwaka 1909, nalo likaharibiwa na mafuriko ya kimbunga cha 1955. Mnalovuka leo ni la mbao la mwaka 1956, lililokarabatiwa 2005, lenye umbo la kufanana na lile la zamani.

Mfasiri wa Pwani alijibu:

Nichukue la tafsiri. Maandishi ya mnara ningeyaweka hivi:

"Hapa, tarehe 19 Aprili 1775, ndipo uchokozi wa Waingereza ulipopingwa kwa nguvu kwa mara ya kwanza. Kwenye ukingo wa pili walisimama mgambo wa Marekani. Hapa lilisimama jeshi la wavamizi, na mahali hapa ndipo alipoanguka adui wa kwanza katika vita vya mapinduzi yale yaliyoipatia nchi hii kujitawala. Kwa kumshukuru Mungu na kwa kuupenda uhuru, mnara huu ulijengwa mwaka 1836."

Penye mitego ni hapa. Kiingereza chao kina maneno mawili ambayo sisi yote tunayaita uhuru: moja (independence) ni nchi kutotawaliwa na nchi nyingine, jingine (freedom) ni mtu kutokuwa chini ya mwingine. Ukiandika uhuru mara mbili unafuta tofauti ambayo waandishi wenyewe waliiweka. Kwa la kwanza tumia kujitawala, la pili liache uhuru. Tofauti hiyo ina uzito sana Massachusetts ya 1775, ambako watu walikuwa bado wanamilikiwa kama watumwa.

Neno mapinduzi nalo liangalie. Msomaji wa Kiswahili akisikia mapinduzi anawaza usiku mmoja na serikali mpya asubuhi, kama Zanzibar Januari 1964. Hivi vilikuwa vita vya miaka 8, hadi mkataba wa 1783. Andika mara ya kwanza "Vita vya Mapinduzi ya Marekani, yaani vita vya kujitoa chini ya Uingereza", kisha endelea na jina fupi.

Maandishi yenyewe yanasema "hapa" na "ukingo wa pili". Tafsiri yako ikiondoa maneno hayo kwa kutafuta ufasaha, imeondoa kiini cha jiwe. Mnara unajua umesimama upande gani na unautaja.

Minute man usimwite mtu wa dakika, maana haisemi kitu. Kila mji wa Massachusetts ulikuwa na mgambo, karibu wanaume wote wenye umri wa kubeba silaha. Mwaka 1774, ilipoonekana vita inanukia, miji ilitakiwa kutenga kama robo yao, wafanye mazoezi zaidi na wawe tayari kuondoka mara tu wanapoitwa. Hao ndio minute men. "Mgambo wa papo hapo" linatosha, na Mtanzania ataelewa bila maelezo kwa sababu neno mgambo analo mtaani kwake.

Ubeti wa ule wimbo wa Emerson umechongwa kwenye kitako cha sanamu. Maana yake ni hii: kando ya daraja la kienyeji lililotanda juu ya mto, bendera yao ikikunjuliwa na upepo wa Aprili, hapa walisimama zamani wakulima waliojipanga kivita, wakafyatua risasi iliyosikika dunia nzima. Neno la kusifia daraja, "rude", wengi hulitafsiri kwa ufidhuli au ukorofi, kwa sababu ndiyo maana ya leo. Hapo maana yake ni la kienyeji, la mbao zisizorandwa. Na wakulima, walioitwa "embattled", si "walioteseka vitani" kama nilivyoona kwenye tafsiri za mashine, ni waliojipanga tayari kwa vita.

Bint Mrima:

Asanteni sana, hapo kwenye kujitawala na uhuru ndipo nilipokuwa natatizika bila kujua ni nini. Kwenye jiwe la askari wa Kiingereza kuna mistari minne, nayo nifanyeje? Na Fundi Mawe kama upo, lile la jiki tafadhali.

Mfasiri wa Pwani:

Ile mistari ni ya mshairi James Russell Lowell, na jiwe liliwekwa 1910. Ningeiweka: "Walisafiri maili elfu tatu wakaja kufa, ili yaliyopita yabaki kwenye kiti chake cha enzi. Ng'ambo ya bahari, bila wa kumsikia, mama yao Mwingereza aliomboleza." Acha maili zibaki maili, usigeuze kuwa kilomita ndani ya ushairi. Waliozikwa pale ni wawili. Wa tatu aliyekufa kwa majeraha ya darajani alizikwa mjini.

Fundi Mawe alijibu:

Nipo, mama. Jiki ibaki nyumbani, na ndoo pia. Pale ni ndani ya hifadhi ya taifa, na mgeni kuosha, kusugua au kuchora jiwe bila kibali ni kosa kisheria, hata nia ikiwa njema. Lakini waeleze vijana sababu ya kiufundi, maana wakiielewa watakuwa walinzi wa mawe popote waendapo.

Jiki ina chumvi. Jiwe linaonekana gumu lakini lina vitundu vidogo sana vinavyonywa maji. Maji yakikauka, chumvi inabaki ndani na kugeuka fuwele, fuwele zinatanuka na kusukuma uso wa jiwe kutoka ndani. Siku unaosha, jiwe linang'aa. Miaka michache baadaye linaanza kumeguka unga au maganda, na herufi ndizo zinazotangulia kuondoka kwa sababu kingo zake ni nyembamba. Asidi za kusafishia choo ni mbaya zaidi, zinakula marumaru palepale. Mashine ya kuoshea magari inafukuza uchafu pamoja na ngozi ya jiwe. Brashi ya waya inakwaruza na kuacha vipande vya chuma vitakavyoota kutu ya rangi ya chungwa.

Massachusetts kuna adui wa ziada ambaye sisi wa pwani hatuna, barafu. Maji yakiganda hutanuka kama asilimia 9. Jiwe lililolowa hadi ndani, usiku ukiganda, linapasuka. Ndiyo maana hata mafundi wenyewe hawaoshi mawe vuli inapokaribia kwisha, wanangoja kipindi ambacho hakuna tena usiku wa kuganda.

Kama vijana wana ari kweli, waandikie ofisi ya makaburi ya mji wanakoishi. Miji mingi ya huko ina makaburi ya zamani na hupokea watu wa kujitolea chini ya msimamizi. Kazi inakwenda hivi. Kwanza unagonga jiwe taratibu kwa kifundo cha kidole, huku na huku. Likilia kama mtungi mtupu, tabaka zimeachana ndani, usiliguse tena. Likiwa zima, lilowanishe vizuri kwa maji matupu kabla ya kitu kingine chochote, ili dawa isinywewe ndani. Tumia brashi ya manyoya laini au nailoni, kamwe si ya waya. Anza chini upande juu. Watu wanaanza juu kwa mazoea ya kuosha ukuta, kumbe maji machafu yanateremka kwenye jiwe kavu na kuacha michirizi isiyotoka. Unasugua kwa miduara, unasuuza kila mara, jiwe lisikauke na uchafu juu yake. Ukungu na kuvu za kijani au kijivu zilizoshika sana zinapuliziwa dawa maalumu ya kuua vimelea isiyo na klorini wala asidi, inaachwa dakika 10 hadi 15, kisha kijiti cha mbao au cha plastiki kinazibandua. Zinazobaki ziache. Dawa huendelea kufanya kazi na mvua kwa miezi kadhaa, jiwe litazidi kutakata lenyewe. Fundi mwenye pupa ndiye anayeharibu hapa.

Mkitaka kusoma herufi zilizofifia msipake chaki, unga wala povu la kunyolea. Povu lina asidi na mafuta yanayobaki kwenye vitundu. Chukueni kioo cha kawaida cha ukutani, mtu asimame pembeni ya jiwe auelekeze mwanga wa jua upite juu ya uso wake kwa mshazari. Kila mchongo unatupa kivuli chake na maneno yanasimama. Siku ya mawingu tochi ya simu inafanya kazi hiyohiyo, mradi uishike karibu kabisa na ukingo wa jiwe, si mbele yake. Hilo halihitaji kibali na watoto watalipenda.

Sanamu ni habari nyingine. Waambie waitazame rangi kwa karibu. Shaba nyeusi ikiachwa kwenye mvua na hewa yenye moshi wa makaa na mafuta, salfa ya hewani inaungana na shaba na kutengeneza ukoko wa kijani. Panapopigwa na mvua moja kwa moja, kama mabega na ukingo wa kofia, panakuwa kijani mpauko. Panapokingwa, kama chini ya koti, panabaki peusi. Maji yanayotiririka hubeba chumvi za shaba na kuchora michirizi ya kijani kwenye granaiti ya chini. Watu wanadhani huo ukijani ni uzee wa kupendeza, lakini mchirizi maana yake ni kwamba shaba inaondoka.

Kinga yake ni nta, na kwa kawaida hurudiwa kila mwaka. Sanamu huoshwa kwa sabuni laini, ile wanayotumia watu wa makumbusho, ikasuuzwa na kukaushwa kabisa. Kisha shaba hupashwa moto kidogokidogo kwa moto wa gesi, sehemu ndogo ndogo, mpaka nta ikipakwa iyeyuke yenyewe. Nta za aina hiyo huyeyuka kati ya nyuzi 60 na 90 za Selsiasi. Brashi inaisukuma kwenye mikunjo ya nguo na vidole, inaachwa ipoe, ndipo kitambaa cha pamba kinasugua hadi ing'ae. Makosa ni matatu. Kupaka kukiwa na unyevu, na unyevu unafungiwa ndani ukaendelea kula chini ya nta. Kupasha moto mno, na rangi ya shaba inabadilika isirudi. Kupaka nene, na vumbi linanasa sanamu ikawa na weusi wa masizi. Dawa za kung'arishia vyombo vya shaba zisisogee kabisa, zinatoa ngozi yote ya zamani na kuacha shaba ikiwa uchi.

Na mkiona viungo vya mawe vinazibwa upya mahali popote, ulizeni kwa chokaa au kwa saruji. Saruji ngumu kwenye kazi ya zamani inazuia maji kutoka kwenye kiungo, yanalazimika kutokea kwenye jiwe lenyewe, na jiwe ndilo linalopasuka. Mafundi wa Mji Mkongwe Zanzibar wanalijua hilo vizuri kwa kuta za mawe ya matumbawe.

Ndugu wa Lowell alijibu:

Niongeze la picha, maana nimeona vipeperushi vingi vikikosea. Kuna Minute Man wawili. Wa Lexington, aliyesimama juu ya rundo la mawe na bunduki mbele yake, ni kazi ya Henry Hudson Kitson ya mwaka 1900. Wa Concord ana plau. Ukipakua picha mtandaoni tafuta plau. Isipokuwepo, umechukua wa Lexington. Wa Concord ndiye aliyeko kwenye sarafu ya robo dola ya Massachusetts ya mwaka 2000. Mwambie kila mtoto aje na moja mfukoni alinganishe.

Neno "kwa mara ya kwanza" pale mnarani nalo lina kisa. Lexington walipigwa alfajiri, kabla ya Concord, wakafa watu 8, na mnara wao ni wa 1799. Wao walisema vita vilianzia kwao. Concord wakasema kweli mliuawa, lakini kujibu kwa nguvu na kwa amri kulianzia darajani. Mwaka 1825 Lexington walichapisha ushahidi wa wazee waliokuwepo, na mwaka 1827 Ripley, yuleyule aliyetoa ardhi, akachapisha majibu. Kwa hiyo lile neno lilichaguliwa kwa makusudi.

Acton nao hawakukubali kusahaulika, maana waliokufa darajani walikuwa watu wao. Mwaka 1851 wakajenga mnara wa futi 75 katikati ya mji wao, mara tatu ya ule wa Concord, serikali ya jimbo ikichangia dola 2,000. Masalia ya Davis, Hosmer na James Hayward, aliyeuawa mchana wa siku hiyohiyo, yalihamishiwa chini yake. Kila Patriots' Day watu wa Acton hutembea njia aliyopita Davis hadi darajani, kama kilomita 11. Mkiwa pale asubuhi mtawaona wakishuka kilima cha magharibi kwa ngoma na filimbi.

Bint Mrima:

Hili la Acton limenigusa. Swali la mwisho: watu weusi wako wapi katika mawe haya? Najua wataniuliza, na sitaki niwape jibu la kupaka mafuta.

Msoma Vibao:

Kwenye mnara hawapo, kwenye sanamu hawapo. Liseme hivyohivyo waziwazi, kisha uwaoneshe walipo.

Ng'ambo ya barabara, karibu na maegesho ya North Bridge, kuna nyumba ndogo ya mbao iitwayo Robbins House. Ilikuwa ya watoto wa Caesar Robbins, aliyezaliwa utumwani na akapigana katika vita hivi. Nyumba ilihamishiwa pale mwaka 2011 na sasa inaeleza historia ya Waafrika wa Concord. Ningeifanya iwe kituo cha kwanza. Lexington, mbele ya Buckman Tavern, kuna jiwe la mwaka 2008 la Prince Estabrook, mtumwa aliyesimama na mgambo alfajiri ile na kujeruhiwa. Peter Salem wa Framingham naye alikuwa miongoni mwa mgambo siku hiyo. Massachusetts utumwa ulipoteza nguvu ya kisheria kupitia mahakama mwaka 1783, mwaka uleule wa mkataba wa amani. Ukishaeleza kujitawala na uhuru kama Mfasiri alivyosema, hapa ndipo pa kurudia maneno hayo mawili.

Mpangilio wa miguu: maegesho ya Monument Street, Robbins House, mvuke barabara mwingie njia ya daraja. Mnara unautangulia mto, na kaburi la Waingereza liko pembeni hapohapo kwenye ukuta wa mawe. Someni yote mawili kabla ya kuvuka. Katikati ya daraja simameni mtazame nyuma na mbele, ndipo umweleze Hubbard na dola zake. Halafu sanamu. Inatazama darajani, yaani mashariki, kwa hiyo kabla ya saa sita jua liko usoni mwake na picha zinatoka vizuri. Alasiri uso unakuwa kivulini. Zungukeni hadi nyuma ya kitako, huko ndiko iliko tarehe. Wenye nguvu wapande hadi kilimani walipokusanyika mgambo.

Patriots' Day ni Jumatatu ya tatu ya Aprili, si lazima iwe tarehe 19, hivyo angalieni kalenda ya mwaka husika. Siku ya gwaride barabara za mji hufungwa kwa magari. Treni ya kutoka North Station, Boston, inashusha Concord, na kutoka stesheni hadi darajani ni kilomita 2 na ushee kwa miguu. Aprili mto hujaa na njia za karibu na daraja huweza kuwa chini ya maji, kwa hiyo wazee wavae viatu vya kuzuia maji, na aliye na kiti cha magurudumu mpigie simu mlinzi wa hifadhi siku moja kabla kuuliza hali ya njia.

Bint Mrima:

Nimechukua yote. Jiki imeondoka kwenye orodha, vioo viwili na tochi vimeingia. Kituo cha kwanza Robbins House, na kila mtoto robo dola yake mfukoni.